Birika la Bwana Gharib

Mbu alitua kwenye kifundo cha mguu wa Radhiya mchana kweupe, na Bi Thuwaiba akamwona. Alinyanyua mkono polepole kisha akaushusha kwa kofi lililosikika mpaka dakani, kwenye baraza la mlangoni, na Radhiya akagutuka akalishika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Mama! Wataka nizae papa hapa?"

Bi Thuwaiba hakucheka. Aligeuza kiganja akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Mbu alikuwa amepondeka, miguu yake myembamba ina pete nyeupe, na ubavuni mwake palikuwa na tone la damu.

"Amewahi," alisema. "Mlaanifu huyu amewahi kukuuma. Nipa na muguu wa pili nitezame."

Akamkagua mwanawe kama mtu anavyokagua samaki sokoni, huku na huku, bila haya. Alama nyekundu zilikuwa nyingi kuliko za jana, na zote zilikuwa miguuni, visiginoni na kwenye vifundo.

Msimu ule kidingapopo, homa inayoenezwa na mbu, kilikuwa kimeingia mjini Lamu. Waliokipata walisema mifupa huuma kana kwamba imetiwa kinuni ikatwangwa. Mtu mzima mwenye afya yake hulala, akaugulia, akainuka amekonda na amepata la kusimulia barazani. Mwenye mimba ni jambo jingine. Katika nyumba iliyopakana na yao, Ibtihal, mkaza mwana wa jirani Bi Ruba, alishikwa na homa hiyo, akatokwa na damu, na mimba yake ikaharibika. Na Radhiya alikuwa ameingia mwezi wa tisa, mimba ya kwanza, amekuja kujifungulia kwa mamake kama ilivyo ada.

Kerubo, nesi wa kliniki, alikuwa amelisema bila kuzunguka. "Mama, huyu asiumwe hata kidogo. Usiku alale kwa neti, sawa, lakini hawa wa kidingapopo huuma mchana. Hawazai kwa mitaro michafu, wanazaa kwa maji safi ndani ya nyumba za watu. Tafuta maji." Kisha akaongeza kwamba dawa za kupuliza na zile za kuchoma Radhiya asizisogelee kabisa, kwa kuwa ana pumu tangu utotoni, na kifua chake hakingoji sababu kubwa kufunga.

Tabu ilikuwa kwamba Bi Thuwaiba mwenyewe alikuwa edani. Mumewe, Bwana Gharib, alifariki kabla ya mvua kuanza, na mjane anayeishika dini yake hatoki nje mpaka eda iishe, wala hajitii manukato. Vita vyake na mbu ilimbidi avipigane ndani ya kuta nne. Na alivipigana, tena kwa hasira. Alipanga vyungu vya mrehani kwenye kila dirisha. Alichemsha mchaichai akapigia deki sakafu zote. Alikata ndimu, akazichomeka karafuu, akaziweka kila pembe mpaka nyumba ikanuka kama jiko la harusi. Alichanganya mafuta ya nazi, ya mwarobaini na ya mchaichai akawa anampaka Radhiya miguu asubuhi, adhuhuri na alasiri. Aliyapaka kwa kitambaa, asibakiwe na harufu vidoleni, kwa sababu hakuwa na hakika kama mchaichai ni manukato kwa mwenye eda. Alimtuma Bi Ruba akamuulizie kwa Maalim. Maalim alicheka, akasema mchaichai ni chai. Bi Thuwaiba akaendelea kutumia kitambaa vilevile. Alikuwa mtu wa kuongeza kidogo juu ya lililoamriwa, na huwezi kumtoa mtu kwenye tabia aliyozeeka nayo.

Maji pia aliyatafuta. Aliinamisha mitungi, akafunika ndoo, akapanda paani kukusanya vifuu vya nazi vilivyodaka mvua, akamwaga visahani vya chini ya vyungu vya mrehani. Birika la choo cha chini hakuwa na wasiwasi nalo. Nyumba za mawe za Lamu huwa na birika la chokaa lililojengewa ukutani, la maji ya kuoga na kutilia udhu, na tangu enzi za mababu hutiwa samaki wadogo ambao kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa hupachikwa bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wapate pa kujiponea. Birika la chini lilikuwa na samaki tele, wengi kuliko kawaida yake. Ukitumbukiza kidole walikuja kukidonoa.

Palikuwa na choo kingine juu, kilichokuwa cha Bwana Gharib, lakini hicho kilikuwa kimefungwa. Asubuhi yake ya mwisho alitia udhu humo. Bi Thuwaiba, akiwa kitandani, alimsikia akiteka maji kwa kata, kisha akiigonga kata kwenye ukingo wa birika, ta, ta, kuikung'uta matone, kama alivyofanya kila alfajiri ya ndoa yao. Aliswali, akajinyosha kidogo, na hakuamka. Baada ya mazishi Bi Thuwaiba aliufunga mlango wa choo kile, akautia ufunguo kwenye pindo la leso na kulipiga fundo. Hakuna aliyemuuliza. Watu walimwona anavyolishika fundo lile wanapomtaja marehemu, wakaelewa.

Sasa, baada ya lile tone la damu, aliona mrehani na ndimu zimemtia aibu. Akachukua chetezo, akatia makaa, akajaza majani makavu ya mwarobaini. Mamake alikuwa akifanya hivyo, na mbu walikimbia mpaka mtaa wa pili. Radhiya alikuwa amepanda juu kupumzika, basi akaona atafukiza chini tu, haraka, madirisha yakiwa wazi. Moshi ulipaa mzito na mchungu. Bi Thuwaiba akauona ukielekea dirishani, akaridhika. Hakuuona ule mwingine uliokuwa ukipanda ngazi.

Aliusikia kwanza mlio. Ulikuwa mwembamba, kama wa mlango wenye bawaba kavu.

"Radhiya?"

Hakujibiwa. Akalitupa koleo la makaa, akapanda ngazi kwa magoti yake mabovu, na kwenye sebule ndogo ya juu akamkuta mwanawe ameketi juu ya mkeka, mgongo ukutani, mdomo wazi, midomo imeanza kugeuka rangi. Mkono mmoja ulikuwa unapapasa sakafuni.

"Pampu! Pampu i wapi?"

Radhiya alionyesha kwa macho. Ilikuwa imebingirika chini ya kiti. Bi Thuwaiba akalala kifudifudi akaifikia, akaitia mwanawe mdomoni, akaibonyeza, akangoja, akaibonyeza tena. Alikuwa akisoma Ayatul Kursiyyu na kuchanganya maneno. Pumzi ya kwanza ilipoingia, wote wawili walilia.

Hivyo ndivyo Yassir alivyowakuta. Mume wa Radhiya alikuwa mwalimu wa Chundwa, kisiwani Pate, na siku ile alikuwa amepanda mashua bandarini Mtangawanda aje kumtazama mkewe. Alipanda ngazi akipunga moshi kwa kofia yake. Akaona chetezo kinafuka chini, mkewe hoi juu, na alipopiga magoti kumshika akaiona miguu.

"Mama," alisema. Yassir alikuwa kijana wa adabu, na sauti haikupanda. Ndiyo maana Bi Thuwaiba aliogopa. "Hii ni nini?"

"Imbu, mwanangu. Nawafukuza."

"Wamfukuza nani? Aliyetaka kukata roho ni mke wangu." Akaiweka kofia chini. "Niwie radhi. Lakini kesho asubuhi namtukua. Twenda Chundwa kwa mama. Kule pana upepo, na kidingapopo hakiyafika."

"Nesi amekataza safari ya bahari. Pumu ikimshika katikati ya mai, utamwita nani?"

"Na kidingapopo kikimshika hapa? Yaliyompata Ibtihal hukuyasikia?"

Wote wawili walikuwa na haki, na hakuna ugomvi mbaya kama huo. Radhiya aliwatazama kwa zamu, pumzi bado fupi, akasema hataki kwenda. Yassir alimjibu kwa upole kwamba hamuulizi.

Bi Thuwaiba alishuka kuuzima moto. Chundwa hawezi kumfuata, eda haimruhusu. Radhiya akenda, atazaa mbali na mamake na mbali na hospitali, na ikiwa lolote litatokea, yeye atalisikia kwa simu, akiwa ameketi na mrehani zake. Mume ameshamwondokea akiwa chumba cha pili. Mtoto je, amwondokee ng'ambo ya maji?

Bi Ruba alimkuta katika hali hiyo alipoingia na bakuli la uji wa mgonjwa. Alikuwa jirani yake tangu utotoni, wamechezwa ngoma za wari pamoja na kuolewa mwaka mmoja. Bi Thuwaiba hakumkaribisha hata kuketi.

"Ruba, lile pipa lako la paani ulilimwaga?"

"Salamu kwanza, mwenzangu."

"Imbu hawa wapita ukutani wakaya kwangu. Nimetezama nyumba nzima. Kwangu hakuna mai ya wazi. Watoka kwako."

Bi Ruba aliliweka bakuli chini. "Pipa langu lina kifuniko, na kifuniko kina jiwe. Tangu Ibtihal kuugua nimekamua nyumba mpaka matambara. Tezama kwako vyema, Thuwaiba. Kikulacho ki nguoni mwako."

Neno lile lilimchoma, na mtu aliyechomwa husema asilolitaka. "Ibtihal hukumtunza," alisema Bi Thuwaiba. "Radhiya nitamtunza mimi."

Bi Ruba alimtazama kwa muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka amewahi kumwona wapi. Kisha akachukua buibui lake akatoka, na bakuli la uji likabaki pale sakafuni likipoa. Bi Thuwaiba alijua amesema uovu. Alijua tangu neno halijafika mwisho. Akajiambia kwamba ataomba radhi baadaye, Radhiya akiisha kuwa salama.

Alasiri ilipoingia, Yassir alikuwa ameshapanga nguo za mkewe mkobani. Bi Thuwaiba alipanda na kikombe chake cha mafuta na kitambaa, kumpaka mwanawe kwa mara ya mwisho. Radhiya alikuwa palepale kwenye sebule ya juu, juu ya mkeka, ameshanyosha miguu. Bi Thuwaiba akaukamata wa kulia, akaanza kisiginoni, na kitambaa kikasita.

Mikono haina hata alama moja. Shingo ni safi. Uso ni safi. Mtu anayekaa nyumba yenye mbu huumwa popote penye ngozi, na Radhiya alikuwa akikaa na mikono wazi kutwa kwa joto. Mbu gani hawa wasiopenda ila visigino?

"Mwanangu," alisema, "mtana wote waketi wapi?"

"Hapa."

"Kila siku?"

"Kila siku." Radhiya aliinamisha macho. "Hapa penye mlango wa baba. Humsomea Yasini kidogo. Na pana baridi, mama, hewa ya birika hutoka hapa tini ya mlango. Hutia miguu hapa, ikapoa."

Akaonyesha. Kati ya mlango na kizingiti palikuwa na mwanya wa vidole viwili, kwa kuwa mbao za mlango wa zamani zilikuwa zimelika. Visigino vya Radhiya vilikuwa vimekaa sawasawa mbele yake.

"Mbona hukunambia?"

"Ungenikataza. Umekifunga wewe, sikutaka kukutonesha."

Bi Thuwaiba aliutazama mwanya ule. Alitaka kutazama kwingine, lakini macho yalikataa. Na pale, kutoka gizani, mbu mmoja akatambaa hadi kizingitini, akasimama na miguu yake ya pete nyeupe, akaruka. Akatoka wa pili.

Yassir alikuwa amesimama nyuma yao na mkoba mkononi. Naye aliwaona. Alimshika mkewe kwapani akamwinua taratibu, akamsogeza mbali na mlango. Kisha akanyosha kiganja.

"Mama. Ufunguo."

Mkono wa Bi Thuwaiba ulikuwa tayari umelishika fundo la leso. Hakumbuki kuupeleka pale.

"Hapana," alisema.

"Mama, mai ya mle..."

"Nayua kuna nini mle! Mai ya mle ni ya mume wangu. Ndiye aliyeyagusa mwisho. Kata yake i mle, yaelea kama alivyoiwata siku ile. Hapana mkono wa mtu utakaotiwa mle!"

Hakuwahi kumpigia kelele mkwewe. Yassir aliurudisha mkono. Bi Thuwaiba akaachwa peke yake na maneno yake mwenyewe, naye akayasikia.

Kisha akakumbuka samaki. Baada ya mazishi, kabla hajafunga, aliwahurumia. Bwana Gharib alikuwa na mtindo wa kuwatupia punje za wali kila akimaliza kula, na Bi Thuwaiba akajiuliza nani atawatupia tena. Akawateka kwa bakuli mmoja mmoja, akawashusha birika la chini, ili wasife njaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mwanamke mzima wa Lamu, aliyezaliwa na kukulia nyumba yenye birika, aliwatoa samaki akaacha maji. Hata mtoto wa chuo cha Kurani angejua ni kosa. Yeye alijua. Alijua na akafunga mlango, kwa kuwa asingeweza kukaa na ujuzi huo upande mmoja wa mlango.

"Mpeleke tini," alimwambia Yassir. "Mpeleke chumba cha mbele, mtie ndani ya neti, ufunge na mlango. Nipa ndoo na jiki."

"Nitaingia mimi, mama. Watakuuma."

"Wewe utarudi kulala kando yake. Ukitoka mle na imbu kwenye kanzu, utakuwa umemletea." Alikuwa ameshafungua fundo kwa meno. "Na ni mimi niliyefunga."

Alingoja hadi aliposikia mlango wa chini ukifungwa. Akafungua kufuli, akaingia upesi, akaufunga mlango nyuma yake, na kwenye ule mwanya akasukumiza leso yake ya mabegani.

Waliinuka. Walitoka kutani, kwenye kona, chini ya ukingo wa birika, wakamjia usoni na shingoni. Hakuwa na mafuta hata tone, kwa sababu ya ile tahadhari yake. Kutoka kwenye tundu la hewa lililokuwa juu ukutani, mwanga mdogo uliangukia maji, na maji yalikuwa yakicheza. Yalijaa viluwiluwi vyeusi, vikipanda na kushuka kwa kujinyonganyonga. Kata ya Bwana Gharib ilikuwa katikati yao, imeota ukungu mpini. Mswaki wake ulikuwa kwenye kidaka cha ukutani, mkavu.

Alianza na lile tundu la hewa. Alivua ushungi, akauviringa, akapanda ukingoni akauziba. Akabaki na mwanga hafifu uliopenya kitambaani, na mlio wao.

Kisha akaishika kata. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi. Kuchota hakukuwa kazi, mgongo wake umechota maji maisha yake yote. Aliichovya, akainua, akangoja kidogo, akasema, "Niwie radhi, bwana wangu," akaimwaga sakafuni penye tundu la kutokea maji. Aliyaona yakizunguka na kwenda. Akachota nyingine. Aliumwa kope, masikio, viganja, akaacha kujipiga kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Alilia kwa sauti, kama ambavyo hakulia siku ya maziko, maana siku ile nyumba ilijaa watu na yeye alikuwa na kazi ya kuwa na subira. Sasa hakuwa na wa kumwonyesha subira. Alilia na kuchota mpaka kata ikakwaruza bakuli la kaure lililo chini. Akalikausha bakuli kwa kitambaa. Akasugua kuta za birika kwa jiki mpaka macho yakamwasha, akawaua kwa kitambaa mbu aliowafikia, mmoja mmoja ukutani, na alipotoka adhana ya magharibi ilikuwa inaadhiniwa na uso wake umevimba kiasi kwamba Yassir alirudi nyuma hatua moja.

Yassir alitazama ndani, akaona birika jeupe na tupu. Akashuka. Radhiya alimsikia akiufungua mkoba na kurudisha nguo zake kabatini.

Asubuhi yake Bi Thuwaiba alimpigia simu Bi Ruba. Alijua huenda asije, na angestahili. Bi Ruba alikuja, akasimama dakani, hakuvua buibui.

"Walikuwa kwangu," alisema Bi Thuwaiba. "Birika la juu. Niliwatoa nswi wanaokula viluwiluwi nikafunga mlango. Tundu la hewa laelekea kwenu." Akajilazimisha kumaliza. "Huenda aliyemuuma Ibtihal alitoka kwangu. Na mimi nikakwambia lile neno."

Bi Ruba alishika nguzo ya daka. Wapita njia walisalimu, hakuna aliyewajibu.

"Siyui niseme nini," alisema hatimaye. "Sina neno la kukupa yeo, Thuwaiba. Usiningoje." Akaondoka.

Homa ilimjia Bi Thuwaiba wiki ile ile. Ilianza nyuma ya macho, ikashuka mifupani, na akajua mara moja ni nani amekuja kumtembelea. Kerubo alipopigiwa simu alisema alale ndani ya neti usiku na mchana, kwa kuwa mbu akimuuma yeye kisha amuume Radhiya, kazi yote ni bure. Yassir akamhamishia juu, chumba cha Bwana Gharib, na neti ikachomekwa chini ya godoro pande zote. Birika la choo cha juu lilikuwa limejazwa maji mapya ya kisima, na nusu ya samaki walikuwa wamepandishwa kurudi kwao. Bi Thuwaiba alilala akitetemeka, akisikiliza. Kila mlio mdogo aliudhania mbu. Kila Radhiya alipokohoa chini, alishika kingo za kitanda. Mara kwa mara alipiga kelele, "Una homa?" na Radhiya akajibu kwa kelele, "Sina, mama!" na alikuwa hamwamini.

Uchungu ulimshika Radhiya kabla homa haijamwachilia mamake. Bi Thuwaiba alijaribu kuinuka, miguu ikakataa. Alimsikia Yassir akihangaika ngazini, akimwita huyu na yule, kwani mwanamume haingii wodi ya wazazi na mtoto wa watu haendi kuzaa peke yake. Halafu akasikia sauti nyingine chini, kavu, yenye kuamrisha.

"Lete kanga mbili na chupa ya chai. Na pampu yake, usiisahau pampu yake. Twenda, Radhiya, shika bega langu."

Ilikuwa ya Bi Ruba. Hakupanda juu kusalimu. Bi Thuwaiba, ndani ya neti, alijifunika uso kwa mto, akasema alhamdulillahi mpaka ulimi ukakauka.

Radhiya alirudishwa kesho yake kabla ya adhuhuri. Alizisikia nyayo zote na kuzitambua moja moja, za Radhiya zikiwa nzito na za polepole, na ndani yake sauti ambayo hakuwa ameijua. Yassir alisimama mlangoni mwa chumba, mbali na neti kama alivyoelekezwa, na kitoto kimefungwa kwenye kitambaa cheupe.

"Mwanamke," alisema. "Yu mzima, na mamake yu mzima. Radhiya wamempima damu, hana kidingapopo." Akasita. "Hospitali sikuruhusiwa kuingia, mama. Bado sijamuadhinia. Nataka nimuadhinie hapa, usikie."

"Huna udhu," alisema Bi Thuwaiba.

"Natia sasa hivi."

Akampa Bi Ruba mtoto. Bi Ruba alikaa kizingitini pamoja naye, akamtazama rafiki yake kupitia wavu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya dakani, hakutabasamu, ila aligeuza kile kitambaa kidogo ili uso wa mtoto uonekane.

Kwenye choo cha Bwana Gharib, mlango ulifunguliwa bila ufunguo. Bi Thuwaiba alisikia kata ikizama kwenye birika. Akasikia maji yakimwagika, mtu akisukutua, maji tena. Kisha kata ikagongwa kwenye ukingo, ta, ta.

Labda kila aliyekulia kwenye birika hugonga kata hivyo. Bi Thuwaiba hakuwahi kujua, kwa sababu maishani mwake alimsikiliza mmoja tu. Alilivuta shuka hadi kidevuni, machozi yakamtoka yakaingia masikioni, na Yassir akarudi na ndevu zinazochuruzika, akamchukua mtoto, akaanza kumuadhinia sikio la kulia.